Safari ya Mobile, wanakopimwa vijana wa mpira wa Kimarekani

Tuliswali alfajiri, tukapakia mizigo, na jua lilipochomoza tulikuwa tumeshaiacha Atlanta nyuma, tunateremka kusini-magharibi kwa barabara ya I-85. Mpwa wangu alikaa kiti cha mbele, magoti yakigusa dashibodi. Anacheza mpira wa Kimarekani katika chuo kidogo hapa Georgia, pembeni mwa safu ya mbele ya ulinzi: ndiye anayezunguka kwa nje kwenda kumwangusha kwotabeki, mrushaji mkuu wa timu pinzani, kabla hajaurusha mpira. Muda mrefu alikuwa akiniomba, "Mjomba, nipeleke Mobile nikaone hao maskauti wanaosaka wachezaji wanatazama nini hasa." Mwishoni mwa Januari nikapata nafasi, tukaenda.

Ndugu zangu wa Mombasa huniuliza kila mara vijana hawa wanasajiliwa vipi, kwa hiyo nieleze kidogo. Huku klabu hazina akademi za watoto kama za Ulaya. Vyuo vikuu ndivyo vinavyowalea wachezaji, kisha ligi ya kulipwa, NFL, huwachukua kwa drafti kila Aprili: timu 32, raundi 7, kwa zamu, timu iliyoboronga msimu uliopita ikitangulia. Kijana haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka 3 tangu amalize sekondari. Kati ya mwisho wa msimu wa vyuo na drafti kuna miezi michache ya kupimwa, na mojawapo ya vituo vyenye uzito mkubwa ni Mobile, Alabama, mji ambao umekuwa ukiandaa Senior Bowl, mechi ya wachezaji wanaomaliza chuo, tangu 1951. Mechi yenyewe ni Jumamosi. Maskauti wanafuata mazoezi ya Jumanne hadi Alhamisi, na wengi wao huwa wameshaondoka mjini mechi ikianza.

Ukivuka mpaka wa Georgia na Alabama unapata saa moja ya bure, maana saa za huko ziko nyuma. Barabara ile ina historia nzima ya kazi hii, ukijua pa kutazama. Kwanza unapita Auburn, mji aliosoma sekondari Osi Umenyiora, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa London. Vyuo vikubwa havikumgombania. Alikwenda chuo cha Troy, humu humu Alabama, Giants wa New York wakamchukua raundi ya 2 mwaka 2003, akatwaa Super Bowl, fainali ya NFL, mara 2. Leo ndiye anayeongoza juhudi za NFL za kutafuta vipaji Afrika.

Mbele kidogo kuna kibao cha Tuskegee, mji wenye chuo cha watu weusi, na hapo nikamsimulia mpwa wangu habari za Bill Nunn. Nunn alikuwa mwandishi wa michezo wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi, na aliwajua wachezaji wa vyuo vya watu weusi kuliko skauti yeyote wa wakati ule, kwa sababu yeye alikwenda walikokuwa. Steelers wa Pittsburgh wakamwajiri mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya drafti ya 1974 alifuatana na maskauti wa timu nyingine kumpima John Stallworth wa Alabama A&M, kaskazini mwa jimbo hili. Ardhi ilikuwa imelowa, kijana akakimbia muda mbaya, wenzake wakafunga madaftari wakaondoka. Nunn akasingizia kuumwa, akabaki nyuma. Kesho yake akamkimbiza tena mahali pakavu, na muda ukawa wa mchezaji mwingine kabisa. Steelers wakamchukua Stallworth raundi ya 4. Alishinda Super Bowl 4, akaingia Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu mwaka 2002. Nunn naye aliingizwa mwaka 2021, akiwa ameshafariki miaka 7 nyuma.

"Kumbe alibaki tu," mpwa wangu akasema.

"Alibaki siku moja zaidi. Wengine walikuwa na ndege ya kuwahi."

Kuanzia Montgomery ni I-65 na misonobari, misonobari, misonobari. Karibu na Mobile barabara inapanda daraja refu lenye matao mawili juu ya mabwawa ya delta, maji ya kahawia kila upande. Kabla ya kuingia mjini kati nilimpeleka Africatown. Mwaka 1860, zaidi ya miaka 50 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa, meli ya Clotilda ilileta hapa kwa siri watu wapatao 110 kutoka Dahomey, Benin ya leo, kisha ikachomwa na kuzamishwa ili kuficha ushahidi. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2019. Waliosalia, walipopata uhuru, walinunua ardhi wakajenga mji wao, na wajukuu zao wangali pale. Nilitaka kijana aione sehemu hii kabla hajaona watu wakipimwa urefu wa mikono. Hakusema neno, na mimi sikumsemesha.

Uwanja wa mazoezi ni Hancock Whitney, wa Chuo Kikuu cha South Alabama, wenye viti zaidi ya 25,000, ambao tangu 2021 ndio unaoandaa mechi hii. Mobile ni mji wa mvua, na Jumanne ile manyunyu yalianza mapema. Kinachokushika macho kwanza ni helmeti. Kila mchezaji anavaa ya chuo chake, kwa hiyo katika safu moja utaona nyekundu ya chuo kinachojulikana dunia nzima imesimama kando ya helmeti ya chuo ambacho hata jirani zake hawakifahamu. Makocha ni wa NFL. Jukwaani wamejaa watu wenye makoti ya timu, madaftari magotini, darubini shingoni.

Tulibahatika kukaa karibu na mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya uskauti maisha yake yote. Nilimsalimia, nikamwambia kijana ni mchezaji, akasogea kutupisha. Aliyotueleza ndiyo yaliyofanya safari nzima iwe na maana kwangu.

Watu wanadhani skauti anakuja Mobile kugundua mchezaji, alisema. Skauti wa kanda anaanza Agosti. Anaendesha gari chuo hadi chuo, anafika asubuhi, anafungiwa chumbani na video za mechi zilizopigwa kutoka juu ili wachezaji wote 22 waonekane. Kisha anaongea na kocha wa nafasi ile, na daktari wa timu, na mtu wa masomo. Alikuwa na mazoea ya kuongea na mtunza vifaa pia, anayefua jezi na kukusanya viatu, kwa kuwa huyo anamwona kijana wakati hakuna mkubwa anayetazama. Usiku, hotelini, anaandika ripoti. Ikifika Desemba timu inakaa kikao, kila ripoti inasomwa na kupingwa, majina yanapangwa ukutani. Mobile inakuja kujibu maswali yaliyobaki: huyu wa chuo kidogo aliyekuwa akiwaburuza wenzake, akikutana na wa daraja la juu atafanyaje?

Vipimo huchukuliwa mwanzoni mwa wiki. Urefu, uzito, urefu wa mkono, upana wa kiganja, urefu wa mikono yote ikinyooshwa. Wanaomlinda kwotabeki pembeni hutafutiwa mkono usiopungua inchi 33 au 34, ili wamguse adui kabla hajawagusa. Mpwa wangu alipoona takwimu hizo akaanza kujipima kwa shubiri kwenye mkono wake mwenyewe, akakunja uso. Mikono yake haikuwa mirefu.

Mzee akamwona. Akamtajia Aaron Donald, aliyekuja Mobile mwaka 2014 kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Kila mtu alisema ni mfupi mno kwa nafasi ya katikati ya ngome. Mazoezini hakuna aliyeweza kumzuia, siku baada ya siku. Rams wakamchukua namba 13, akawa mlinzi bora wa mwaka wa NFL mara 3. "Lakini usijidanganye," akamwambia. "Donald alikuwa wa kwanza kuweka mikono kila mara. Mwenye mkono mfupi akichelewa, kazi imekwisha."

Hapo ndipo lilipoanza zoezi la mmoja kwa mmoja, mlinda kwotabeki dhidi ya mchezaji wa ngome anayetaka kumpita, ambalo kila mtu jukwaani alikuwa akilisubiri. Haichukui sekunde 4. Mpira unainuliwa, miili inagongana kwa kishindo unachokisikia kifuani, kipenga kinalia, wanafuata wengine.

Kulikuwa na kijana wa chuo kidogo, mlinda kwotabeki wa kushoto, helmeti yake imekwaruzwa sana upande mmoja. Mara ya kwanza alisukumwa kifua kwa kifua, visigino vikateleza kwenye nyasi bandia zilizolowa, akaanguka chali. Jukwaa likapiga kelele. Niliangalia daftari la mzee. Hakuwa ameandika kitu.

Kijana aliinuka. Hakupiga ardhi, hakumwangalia aliyemwangusha. Alikwenda moja kwa moja kwa kocha, akainua viganja viwili akauliza jambo, kocha akamsogeza kiwiko kuelekea ubavuni. Zamu yake ilipofika tena, alipewa mtu yule yule. Safari hii miguu ilikuwa imetandazwa zaidi, kiuno kiko chini, mikono ikatangulia kuingia ndani ya ya mwenzake. Walisimama pale pale, wanasukumana, mpaka kipenga. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu ukitazama mpira huoni kitu. Mzee akaandika mistari mitatu.

"Mara ya kwanza aliteleza kwa sababu ya mikono, si kwa sababu ya nguvu," alitueleza. "Amerekebisha kwa dakika tano, mbele ya watu wote hawa. Na yule mwingine amerudia mbinu ile ile. Huenda hana ya pili."

Mpwa wangu akauliza anatazama wapi, mpira ukiinuliwa. Mzee akasema mpira hauna habari yoyote ya kumpa. Anaanza na miguu, anapanda kiunoni, halafu mikono. Uso anauangalia baada ya kipenga.

Jioni mjini, Mtaa wa Dauphin hujaa makocha, mawakala na wazazi wa wachezaji. Tulikula mchuzi wa gambo wenye bamia na kamba, nikahisi niko karibu na nyumbani. Vijana wenyewe wakati huo wanapitishwa kwenye mahojiano na timu, moja baada ya nyingine, wanachorewa mpango wa mchezo kisha wanatakiwa kuuchora upya kwa kumbukumbu.

Mezani tulimzungumza Daniel Adongo, Mkenya wa raga ambaye Colts wa Indianapolis walimsajili mwaka 2013 bila ya kupitia chuo hata kimoja wala kuwahi kucheza mchezo huu. Mpwa wangu naye alianzia kwenye raga, shuleni Mombasa, na jina la Adongo analitaja kwa heshima. Nilimtajia na Jordan Mailata wa Australia, naye wa raga, aliyechaguliwa na Eagles wa Philadelphia raundi ya 7 mwaka 2018, namba 233, kisha kocha mmoja wa safu akakaa naye miaka mpaka akawa nguzo ya timu iliyotwaa Super Bowl mwaka 2025. Mimi naamini kazi ya skauti haikamiliki bila ya mtu kama kocha yule. Kumwona kijana ni nusu. Timu ikimchukua halafu ikamweka kando akiwa mbichi, hakuna ripoti itakayomwokoa.

Baada ya Mobile wanaoalikwa huenda Indianapolis, ambako tangu 1987 wanapimwa karibu kila mwaka: mbio za yadi 40, kuruka, kunyanyua ratili 225 mara nyingi uwezavyo. Televisheni inapenda sana zile mbio. Tom Brady alizikimbia kwa sekunde 5.28 mwaka 2000, akachaguliwa namba 199, akastaafu na Super Bowl 7. Sisemi saa inadanganya, maana beki wa pembeni asiye na kasi ataumbuka kila wiki. Ila kwotabeki anafanya kazi yake kwa macho, na hayo hayana kipimo cha sekunde.

Alhamisi, tulipokuwa tunaagana, mzee alimwambia mpwa wangu jambo lenye faida kuliko yote. Mchezaji wa chuo kidogo asiyealikwa Mobile wala Indianapolis anaweza, kocha wake akiomba mapema, kuingizwa kwenye siku ya vipimo ya chuo kikubwa cha jirani mwezi wa Machi, maskauti wakiwapo. Na atayarishe video za mechi nzima. Zile za vipande vya kupendeza, zenye muziki, wao hawazifungui.

Ijumaa tukaanza kurudi. Tulipopita Montgomery alikuwa ameshampigia kocha wake simu, amepewa ahadi ya kuulizwa, na sasa ana daftari pajani anaorodhesha mechi.

"Mjomba, ile ya Oktoba, niliyozuiwa mwanzo hadi mwisho. Niiweke?"

"Iweke."

"Watasema sina mbinu."

"Weka na ya wiki iliyofuata. Si ulibadilisha mguu wa kuanzia?"

Akaangalia nje kidogo, akaziandika zote mbili.