Tyubu haipunguzwi mwanga kama balbu

Nimeshinda mezani na balasti ya kielektroniki (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa ya tyubu) niliyoifungua, na mzunguko wake umenikosha kweli. Balbu ya kawaida ya filamenti (waya mwembamba unaopashwa joto na umeme) haina makuu: triaki, yaani swichi ya kielektroniki, inakata kipande cha kila wimbi la umeme, mwanga unashuka. Tyubu haikubali hivyo. Ukiubana umeme wake wote hivyo, filamenti za kwenye ncha zinapoa, gesi inapata shida kuwaka upya kila nusu wimbi, taa inapepesa na ncha zinakuwa nyeusi mapema. Balasti hii inaziacha filamenti na joto lake, kisha inapandisha masafa ya umeme (idadi ya mawimbi kwa sekunde), ambayo tayari yamepita kilohezi 20, na koili inazidi kuubana mkondo. Ujanja mtupu! Ila ile kapasita kubwa, inayohifadhi chaji ya umeme, usiiguse hata ukishazima. Inaweza kubaki na volti zaidi ya 300.