Sanduku la kufuli tatu
Mwaka jana, katika kikundi chetu cha akiba hapa Kadutu, Bukavu, wanachama walianza kuchelewesha michango kwa sababu hesabu zilifanywa faraghani na watu wawili tu, ingawa hakuna aliyeiba hata faranga moja. Tulipoamua fedha zihesabiwe mbele ya wote, na funguo za sanduku zikakabidhiwa watu watatu tofauti, michango ilirudi ndani ya wiki chache. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kutunza mali ya pamoja wakijiwekea kanuni na kuchungana. Kwangu, hilo la kuchungana ndilo zito zaidi. Sasa ninaiomba kamati ya bomba la maji mtaani kwetu isome mapato yake hadharani kila mwezi.