Tundu kwenye ubao wa saiprasi

Jumanne asubuhi fundi mmoja wa hapa Kawangware alinirudishia ubao. Inchi nane kwa moja, saiprasi, futi kumi na nne. Hakusema neno. Aliuinua hadi usawa wa uso, akafumba jicho moja, akanichungulia kupitia katikati yake. Kifundo, ile alama ya duara mahali tawi lilipokuwa, kilikuwa kimechomoka na kuacha tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini.

"Madam, hii nimfungie mtu mlango wa chumba cha kulala?"

Nikampa mwingine, tukacheka, akaenda zake. Wa tundu ukabaki umeegemea meza yangu siku nzima, na kila nilipoinua macho kutoka kwenye risiti ulikuwa ukiniangalia.

Nauza mbao mwaka wa kumi na tisa sasa, lakini mbao nilizijua zikiwa bado miti. Baba alikuwa mpimaji katika stesheni moja ya misitu upande wa Aberdare, na sisi watoto tulikulia kwenye nyumba za kazi, zile za mbao zenye moshi hadi ndani ya blanketi. Alikuwa na utepe wa kupimia ambao upande mmoja ni wa kawaida, na upande wa pili namba zimeshagawanywa kwa pai, ili ukiuzungusha kwenye shina usome unene wa mti moja kwa moja bila kupiga hesabu. Siku moja niliuzungusha tumboni mwangu. Ukasema sentimita 18. Baba akaandika kwenye daftari lake, uso mkavu kabisa: "Bado mchanga, asikatwe."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kifundo. Tawi likipogolewa mti ukiwa mdogo, mti hufunika kidonda, na kuanzia hapo kwenda nje mbao inatoka safi. Tawi likiachwa lijifie, shina linaendelea kunenepa na kulimeza likiwa mfu. Halishikani na mbao iliyolizunguka. Siku ubao unapokauka yadini, kifundo kinachomoka kama kizibo cha chupa. Kwa hiyo lile tundu la Jumanne si kosa la mwenye sawmili. Ni siku fulani, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ambapo mtu alipaswa kuingia kwenye kile kitalu, yaani kile kipande cha msitu, na msumeno wa kupogolea lakini hakuingia, na mara nyingi sababu ni kwamba hapakuwa na pesa ya kumlipa.

Ndiyo maana nakereka nikisikia mjadala wa misitu hapa Nairobi ukiwa wa maneno mawili tu, kata au usikate.

Baba alinionyesha hesabu kwa punje za mahindi mezani. Chukua stesheni yenye hekta 900 za saiprasi. Saiprasi ya mbao inataka kama miaka 30 hivi ikomae. Gawanya, unapata hekta 30 kwa mwaka. Alipanga safu thelathini za punje, kila safu mwaka wake. Ukivuna safu ya mwisho unapanda nyingine mwanzoni, zote zinasogea, na msitu haupungui hata kama mashine zinanguruma kila siku. Nikamuuliza, na mtu akivuna safu mbili? Akaziondoa. Akaniuliza, na mtu asipopanda? Akaacha nafasi mwanzoni. Kisha akawa anazisukuma kwa kidole, mwaka baada ya mwaka, hadi ile nafasi tupu ikafika ukingoni mwa meza. "Hapa utakuwa mkubwa, mama," akasema, "na wenye mashine watakuwa wamekaa wanangoja."

Kwenye ardhi halisi safu hazijapangika vizuri hivyo. Kuna miaka iliyopandwa sana na miaka isiyopandwa kabisa, moto umepita hapa, huku ng'ombe wamekula miche. Mpangaji mzuri anatazama umri wa kila kitalu, anasogeza mavuno mbele au nyuma kidogo ili asifike kwenye pengo, na anakumbuka kwamba kusubiri kuna faida: shina la sentimita 40 lina mbao mara nne ya shina la sentimita 20 lenye urefu uleule. Anakumbuka pia kupunguza, yaani kutoa miti dhaifu katikati ili iliyobaki inenepe. Unapanda miche kama 1,600 kwa hekta ukijua wazi kwamba mingi haitafika mwisho.

Sasa, Februari 2018 ukataji ulisimamishwa katika misitu yote ya umma na ya jamii. Ilisemwa siku 90. Sababu zilikuwepo, sitazikana: ukataji haramu ulikuwa umezidi na watu walikuwa wakiona mito yao ikipungua. Zile siku 90 zikawa miaka mitano. Julai 2, 2023, akiwa Molo, Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku, yeye yule aliyeitangaza akiwa Naibu wa Rais. Mwezi haujaisha vizuri, mahakama ikaingilia kati. Yadi yangu kipindi hicho ilikuwa inanukia paini ya Mafinga, Tanzania, na nilijifunza kutaja viwango vya ubora wa mbao vya Iringa kama mtu aliyezaliwa huko.

Lakini marufuku si mpango. Wala kuondoa marufuku si mpango. Saiprasi haisomi gazeti la serikali. Iliyopitisha umri huanza kuoza moyoni, na kile kitalu kilichohitaji kupunguzwa mwaka ule kinabaki kimesongamana, mashina membamba kama fito.

Naelewa kwa nini Mwananairobi akisikia msumeno wa mota moyo unamwenda mbio. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale kwenye msitu wa Karura kwa sababu ya kutaka kupanda miti mahali ambapo watu walikuwa wamejigawia viwanja. Nami Jumapili hutembea Karura, na mtu akiniambia tuigeuze shamba la mbao nitamkimbiza na ubao huuhuu. Karura ina mji mzima wa kuilipia kiingilio langoni. Msitu wa asili ulio mbali na lami hauna wakimbiaji wenye viatu vya bei. Mashamba ya miti ya serikali ni kama hekta 150,000, sehemu ndogo tu ya misitu ya umma, na miti inayouzwa pale imesimama ndiyo moja ya njia chache za kupata pesa za askari wa misitu, za kuzima moto, za miche. Yakifa hayo, msitu wa asili ndio unaobaki bila mlinzi.

Usiku mmoja nilikuwa nikisoma habari za jimbo la Washington, Marekani. Huko kuna ardhi ya umma ambayo jimbo lilipewa lilipoundwa mwaka 1889, na mbao zake hugharamia ujenzi wa shule. Wanapiga hesabu ya mavuno ya miaka kumi kwa mpigo, hadharani, na sehemu ya mapato inabaki kwa idara iendeshe ardhi yenyewe. Usidhani wanaelewana. Wamefikishana hadi mahakama ya juu ya jimbo, ambayo mwaka 2022 iliamua kwamba idara hailazimiki kufukuzia faida kubwa kuliko zote. Nilichowaonea wivu ni kwamba namba ya kugombania ipo mezani.

Nami ningependa namba yetu ibandikwe kwenye mlango wa kila stesheni. Mwaka huu tunavuna kitalu gani, hekta ngapi, kimelipiwa kiasi gani, na kati ya hizo pesa ni ngapi zimerudi hapahapa kwa kupanda na kupogoa kabla hazijaenda kokote. Wale wanaolima waru na maharagwe kati ya miche chini ya PELIS, ule mpango wa kuwaruhusu wakulima kulima kwenye mashamba ya miti ya serikali, wangekuwa wakaguzi wazuri kuliko mtu yeyote wa mjini, maana wao wanajua mche upi umekufa wiki gani.

Nilimpigia Baba jioni ile kumweleza habari za tundu. Amezeeka, simu anaishika mbali na sikio. Nikamwambia mbao zimeanza kuja tena za kwetu. Hakuuliza bei, hakuuliza ni nyingi kiasi gani.

"Wamepanda?"

Nikamwambia sijui, Baba.

"Si uende ukaone. Utepe uko hapa."

Jumamosi nimefunga yadi saa sita. Ubao nimeupigilia misumari ukutani juu ya kikokotoo, na tayari wateja wawili wameniuliza bei yake.