Kutoka Amboni hadi Amani: Ua Moja Lenye Majina Mengi

Safari yangu ilianzia mahali ambapo watu wa Tanga hawaendi kutafuta maua. Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji, huwavutia wanafunzi na wageni wanaotaka kuona popo na kusikiliza habari za mizimu, na mimi mwenyewe nimewapeleka wanafunzi huko mara kadhaa bila kuinama hata mara moja kutazama kinachoota kwenye nyufa za mawe. Safari hii niliinama. Upande wa kivuli, chini ya miti, palikuwa na mmea mdogo uliopanga majani yake duara kama sahani, umeng'ang'ania jiwe la chokaa penye udongo usiojaza kiganja, na juu yake yamesimama maua matatu ya rangi ya urujuani, kila moja na vifuko viwili vya njano katikati.

Mmea huo umeenea madirishani kote Ulaya na Marekani, na Wajerumani hadi leo huuita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za kifalme za Herrenhausen, mjini Hannover, akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Kilichonitoa nyumbani ni kwamba maelezo ya mwanzo yalitaja makazi mawili: miamba ya chokaa iliyo karibu na Tanga, na misitu ya Usambara iliyo juu zaidi. Nilitaka kuuona wa pwani kwanza, kisha nipande milimani nikajue kama mmea wa huko ni huu huu au ni ndugu yake tu.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi stendi ya Kange kwenda Muheza, mkobani nikiwa na lenzi ya kukuza mara kumi, daftari, na orodha ndefu ya majina niliyoinakili kwa mkono. Majina mengi kati ya hayo yalitolewa na B. L. Burtt, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, katikati ya karne iliyopita, wakati jenasi hii ya Saintpaulia, yaani kundi la mimea iliyo ndugu, ilipohesabiwa kuwa na spishi kama 20. Ukiyasoma unaona namna alivyohangaika: spishi moja aliiita confusa kwa sababu ilikuwa imechanganywa na nyingine kwa muda mrefu, na nyingine akaiita difficilis, yaani ngumu. Nilicheka nilipoisoma orodha hiyo nyumbani. Msituni sikucheka.

Ugumu unaanzia kwenye ua lenyewe, kwa kuwa ndilo tunalolikimbilia wote na ndilo lisilosema mengi. Karibu spishi zote zina ua la namna moja, petali mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, rangi ikitofautiana kidogo tu kati ya urujuani uliokolea na uliopauka. Zipo chache zinazojitambulisha, kama pendula ya mlima Mtai, ambayo kwa kawaida hutoa ua moja tu kwenye kila kikonyo, au tongwensis ya mlima Tongwe, yenye mstari mweupe unaofuata mshipa wa katikati ya jani. Zilizobaki zinamlazimu mtazamaji aliache ua na aliangalie jani: vinyweleo vyake ni virefu au vifupi, vimesimama au vimelala, vina urefu mmoja au vimechanganyika. Jina la diplotricha lenyewe maana yake ni nywele za aina mbili.

Zigi, kwenye lango la hifadhi ya Amani, nilipokelewa na mwongozaji, binti mwenyeji wa vijiji vya jirani. "Shikamoo, mwalimu," alisema, na baada ya kumwitikia nilimweleza shida yangu, naye akanipeleka moja kwa moja kwenye miamba iliyo juu ya kijito, penye ubaridi na unyevunyevu ambao pwani haupo. Hapo nilifanya kosa la kwanza. Niliona maua mawili yamekaribiana, moja kijiti chake cha kike kimeinama kushoto, jingine kulia, nikaandika kwa furaha kwamba nimepata tofauti. Binti yule alifuata vikonyo kwa kidole mpaka vilipokutana kwenye mmea mmoja. Ndivyo yalivyo maua haya, ya kushoto na ya kulia hutoka pamoja, nami nilikwisha kulisoma jambo hilo na kulisahau.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Hatua kumi mbele palikuwa na mmea wenye majani yaliyopangwa duara kama yale ya Amboni, nikatamka ionantha bila hata kutoa lenzi. "Mwalimu, usiutazame juu tu," alisema, akaondoa taratibu majani makavu yaliyofunika jiwe. Chini yake lilikuwapo shina refu kuliko mkono wangu, linatambaa juu ya kuvu na mawe, limeota mizizi kila lilipogusa unyevu, na kile nilichokidhania kuwa mmea mzima kilikuwa ncha yake tu. Shina la kutambaa ndiyo alama ya grotei, mmea wa misitu hii ya Usambara Mashariki, na ncha yake, kama ulivyo mche mchanga usiorefuka bado, humdanganya yeyote anayepita kwa haraka.

Tulikaa juu ya jiwe, nikamfundisha kulitazama jani kwa ubavu. Jani likielekezwa kwenye mwanga kwa ukingo wake, vinyweleo huonekana vimesimama mmoja mmoja kama malaika ya mkononi. Likitazamwa kwa juu, vyote huonekana vimelala. Ila kadiri tulivyopanda ndivyo lenzi ilivyonipunguzia uhakika. Mmea wa kivulini ulikuwa na vikonyo virefu na majani mapana, na mwenzake wa penye mwanga, hatua tano tu kutoka hapo, ulikuwa umejikunyata kana kwamba ni spishi nyingine. Nilielewa kwa nini mtaalamu wa mimea Iain Darbyshire, mwaka 2006, alipunguza spishi hadi sita, akazifanya nyingi ziwe nususpishi, yaani aina ndogo ndani ya spishi moja, za ionantha, na kwa nini amaniensis, magungensis na ile difficilis zote ziliishia ndani ya grotei. Mwaka 2015 jenasi yenyewe iliingizwa katika jenasi nyingine, Streptocarpus. Binafsi naona Darbyshire alifanya sawa, ingawa nakiri jina la difficilis nilikuwa nimelipenda.

Amani tulifika alasiri, mita zipatazo 900 juu ya bahari, ukungu umeshuka hadi kwenye paa za majengo ya taasisi iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kabla ya giza tuliona mmea wa mwisho ukingoni mwa mwamba. Shina lilikuwa refu kuliko la Amboni na fupi kuliko la Zigi, vinyweleo vingine vimesimama na vingine vimelala. Niliandika mahali, aina ya jiwe, kiasi cha kivuli, urefu wa shina na hali ya vinyweleo. Binti yule alichungulia daftari akaniuliza mbona mstari wa juu hauna kitu. Nilimwambia ni mstari wa jina, na kwamba nitarudi masika ijayo shina likiwa limeamua.