Ford ya 1930 na Mafundi wa Jua Kali: Uzoefu Wangu

Nilikuta gari lile ndani ya banda la ng'ombe huko Limuru, limefunikwa magunia ya pareto. Lilikuwa Ford Model A ya mwaka 1930, ile ya wazi yenye turubai badala ya paa, usukani upande wa kulia. Namba ya injini ilianza na herufi CA, nikajua palepale kwamba lilitoka Kanada, maana Ford ya Kanada ndiyo iliyokuwa ikiuza magari ya usukani wa kulia katika makoloni ya Uingereza, yetu ikiwemo. Injini ilikuwa imeganda kabisa. Kuku walikuwa wamefanya kiti kiota. Nilimlipa mzee mwenye banda, tukalipakia kwenye lori na kulileta Nairobi, kwenye yadi ndogo niliyokodi Kariobangi Light.

Tangu siku ile nilijiwekea sharti. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa California walikuwa wakinunua magari haya yakiwa yamechakaa, wakiyapunguza uzito, wakiyaongezea nguvu, kisha wakiyakimbiza kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 waliunda chama chao cha mbio, SCTA. Vijana wale hawakuwa na hela. Walikuwa na tupa, kerezo la kuazima, mtungi wa gesi na yadi ya vyuma vikuukuu. Basi nami nikasema: chochote nitakachobadilisha kiwe kitu ambacho kijana wa mwaka 1940 angeweza kukifanya, na kifanywe kwa njia aliyoitumia yeye. Kila aliyepita mlangoni alinishauri nitie injini ya Toyota Probox nimalize kwa wiki moja. Nilikataa.

Nilidhani sharti hilo lingenifanya niagize kila kitu ng'ambo. Haikuwa hivyo. Kazi nyingi ambazo kule kwingine zimebaki kwa wastaafu wachache, hapa Nairobi bado zinalisha watu: kufua chuma, kukereza, kulehemu, kumimina madini kwenye ukungu wa mchanga. Ilinibidi tu niulize.

Kazi iliyonipa usingizi mchache ilikuwa ya beringi, sehemu zinazobeba krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini unaozunguka. Siku hizi beringi za injini ni vibati viwili unavyonunua dukani na kuvipachika. Model A haina vibati hivyo. Beringi zake zilimiminwa moja kwa moja, ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, na kwenye konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krankshafti, kwa madini meupe yaitwayo babiti, ambayo kwa sehemu kubwa ni bati pamoja na antimoni na shaba kidogo. Zangu zilikuwa zimepasuka na kumeguka vipandevipande. Tena injini hii haisukumi oili kwa presha hadi kwenye konrodi. Pampu huinua oili hadi chumba cha valvu, kutoka hapo inateremka kwa uzito wake hadi beringi tatu kuu, na konrodi hujichotea zenyewe kwa vijiko vilivyo chini ya vifuniko vyake. Ukikosea nafasi ya beringi, hakuna presha ya kukuokoa.

Wengine waliniambia nipanue bloku nitie beringi za kisasa. Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini niliona kwamba nikianza hapo, sharti langu limekwisha.

Niliulizia Gikomba, nikaulizia Industrial Area, mwishowe mkerezaji mmoja akanielekeza kwa mzee wa Makongeni aliyestaafu kutoka karakana za reli. Kwa miaka mingi alikuwa akimimina madini meupe kwenye beringi za mabehewa. Nilimpelekea konrodi moja. Aliigeuzageuza, akaigonga kwa ukucha, akaniuliza:

"Injini ya nini hii, kijana?"

"Ya Ford ya zamani, Mzee."

"Na bloku iko wapi?"

"Kariobangi."

"Basi nitakuja. Tafuta makaa, magunia mawili, yawe makavu. Na uniletee mti wa sindano, hata kijiti."

Kile kijiti ndicho kipimajoto chake. Msonobari ukichovywa kwenye madini yaliyoyeyuka, ukitoka na rangi ya kahawia bila kushika moto, joto limefika. Nilikuwa nimenunua kipimajoto cha elektroniki, tukavitumia vyote viwili siku ya kwanza. Kijiti kilipogeuka kahawia, kipimajoto kilisoma kama nyuzi 450. Siku ya pili nilikiacha kipimajoto nyumbani.

Mkerezaji alitutengenezea fimbo ya chuma nyembamba kidogo kuliko krankshafti, ya kusimama mahali pake wakati wa kumimina. Mzee aliipaka masizi ya mshumaa ili babiti isiishike. Pembeni tukaziba kwa udongo wa mfinyanzi, na hapo alinikalisha chini. Udongo ule ulikaa juu ya makaa hadi adhuhuri. Tone moja la maji likikutana na madini ya moto hugeuka mvuke kwa ghafla na kukurushia madini usoni. Alinionyesha kovu kwenye kigasha chake, akafunika mkono wa shati. Tulivaa miwani, glavu za ngozi na aproni, nje, upepo ukiwa mgongoni.

Mara ya kwanza tuliharibu, na kosa lilikuwa langu. Mzee alisema bloku haijapata joto la kutosha. Mimi niliona jua linazama, nikamsihi tuendelee. Madini yalipogusa chuma baridi yaliganda kabla ya kujaza, na tulipotoa fimbo tulikuta mikunjo kama ya uji uliopoa. Hakunilaumu. Aliwasha tena jiko, tukayayeyusha yote, akaniambia nirudi kesho alfajiri. Kesho yake tuliipasha bloku tangu saa kumi na mbili hadi saa tano, polepole, tukiigeuza ili isipasuke. Akamimina kwa mkono mmoja usiotetemeka, bila kukatiza, hadi madini yakafurika juu. Beringi zote tatu zikakubali.

Ndani ya bloku babiti haishikani na chuma cha kutupwa. Hushikiliwa na matundu yaliyotobolewa kwa ajili hiyo. Tena ikipoa husinyaa. Kwa hiyo baada ya kumimina unaigongagonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo hadi ikae imara. Konrodi ni tofauti: hizo hupakwa bati kwanza, babiti ishikane nalo. Mzee alizining'iniza kwenye waya na kuzigonga moja moja. Iliyoshika hulia kama kengele. Moja ilitoa sauti ya chungu chenye ufa, ikarudi motoni.

Baada ya kuchongwa kwa mashine hadi zilingane mstari mmoja, kilichobaki kilikuwa mkono. Unapaka krankshafti rangi ya buluu, unaiweka, unafunga vifuniko, unaizungusha mara moja, unafungua. Palipogusa panaonekana buluu. Unakwangua hapo kidogo tu. Unarudia. Kati ya kifuniko na bloku kuna vibati vyembamba vya shaba, na ukitoa kimoja nafasi inapungua. Nilitaka inchi 0.0015, nyembamba kuliko unywele. Nilikwangua siku tisa. Siku ya kumi krankshafti ilizunguka kwa kidole kimoja, na ilipoachwa ikasimama taratibu, bila kukwama popote.

Nguvu sasa. Model A ikitoka kiwandani ina injini ya lita 3.3 na nguvu ya farasi 40 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Hiyo ni usawa wa bahari. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu, injini inavuta hewa pungufu kwa karibu moja ya sita, na farasi wenyewe wanabaki kama 33. Vijana wa California hawakuwa na tatizo hilo, lakini dawa yao inatufaa sisi kuliko wao: kuongeza mkandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni inabana hewa na petroli kabla ya kuwaka. Mwaka 1930 petroli ilikuwa duni, ndiyo maana Ford waliweka 4.22 kwa 1 tu. Petroli ya kituo chochote cha leo inavumilia zaidi ya hapo bila kugonga.

Niliweka kioo juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, na kujaza oili kwa bomba la sindano nikihesabu: kila chumba kilimeza sentimita za ujazo 255. Nikaipeleka Industrial Area ikachongwa milimita tatu. Nilipopima tena nilipata 210, mkandamizo umefika karibu 4.9 kwa 1. Kabla ya kufunga nilibandika plastisini ya watoto juu ya pistoni na valvu, nikazungusha injini kwa mkono, nikafungua na kupima unene uliobaki. Usiruke hatua hiyo. Milimita tatu zinaweza kutosha kuigonganisha valvu na hedi.

Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, niliipima kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu jirani: kilo 28 na nusu. Mkerezaji aliipunguza hadi 18, akitoa chuma kwenye ukingo wa nje, nyuma ya meno ya stata, akiacha unene wa kutosha katikati. Tofauti yake sikuitarajia. Giaboksi ya Model A haina sinkronaizi ya kulinganisha mwendo wa gia, lazima ukanyage klachi mara mbili na kusubiri injini ipungue ndipo uingize gia. Kwa flaiwili nzito unasubiri hadi matatu ya nyuma yanapiga honi. Sasa injini inapungua haraka, gia inaingia kama imealikwa.

Kuhusu breki sikubishana na mtu. Za awali zinavutwa kwa fimbo za chuma, na Nairobi ya leo si Nairobi ya 1930. Ford walianza kuweka breki za mafuta mwaka 1939, na vijana wale wakaanza kuzihamishia kwenye magari ya zamani karibu mara moja, kwa hiyo sharti langu linaruhusu. Nilizipata kwenye Ford kuukuu ya miaka ya arobaini iliyolala shambani Naivasha. Laini zake, zile bitana zinazosugua ndani ya dramu, zilibandikwa upya Kirinyaga Road. Jambo moja ambalo nusura linipite: magurudumu ya spoki ya Model A hayakai sawasawa kwenye dramu hizo, yanahitaji pete nyuma yake, la sivyo chuma cha gurudumu kinapinda kila unapokaza nati, na siku moja kinakatika. Mkerezaji alinitengenezea pete nne. Bila pete usiliendeshe hata hadi dukani.

Springi nilizipeleka Kamukunji. Zilikuwa zimelala. Nilifikiri nizigeuze masikio ili gari liketi chini, kama mtindo ulivyokuwa. Fundi mhunzi pale, ambaye springi za magari ndiyo malighafi yake ya majembe na mapanga, alisema anaweza. Nikaangalia matuta kati ya Kariobangi na Outering Road, nikamwomba azirudishie upinde wake tu. Alizipasha, akazikunja kwa kipimo cha ubao nilichomchorea, akazitumbukiza kwenye oili, kisha akazirudisha motoni kidogo zisiwe kavu za kuvunjika.

Bodi nitaisema kwa ufupi. Palipooza pamekatwa na kuunganishwa kwa gesi, na viungo vikajazwa kwa lehemu ya risasi na bati badala ya puti, ikalainishwa kwa tupa ya mkono. Risasi usiipige msasa mkavu, vumbi lake ni sumu. Madigadi ni meusi, kama Ford walivyoyapaka yote, na bodi ni rangi ya selulosi ya kijani iliyosuguliwa kwa mkono.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa Jumapili alfajiri, kupanda Limuru. Kando ya dashibodi kuna kifundo kinachofika hadi kwenye kabureta, dereva aongeze au apunguze petroli akiwa anaendesha. Kila tulipopanda nilikipunguza kidogo, na injini ikajibu. Mlima ambao yule mwenye banda alikumbuka baba yake akiupanda kwa gia ya pili, mimi niliupanda kwa gia ya juu. Nilipita karibu na lile banda, nikapiga honi. Kisha nikateremka Mai Mahiu, barabara iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, nikaegesha kwenye kikanisa chao cha mwaka 1942 na kugusa dramu moja moja. Zote nne zilikuwa na joto sawa.

Baada ya kilomita 800 nilimpigia Mzee. Alikuja Kariobangi na mkeka wake, tukalala chini ya gari wote wawili, tukafungua pani ya oili. Alishika kila konrodi na kuitikisa, jicho limefumbwa. Ya tatu akaitikisa tena.

"Hii toa kibati kimoja," akasema. "Zingine ziache."

Nikatoa kibati kimoja, nikafunga.