Gari lilipozima kati ya Moroto na Kotido

Tulikuwa wanne kwenye Land Cruiser ya dizeli, injini 1HZ, tumetoka Mbale, mashariki mwa Uganda, tunaelekea mbuga ya Kidepo. Njiani tulijaza tangi kwa madumu ya kando ya barabara. Tulipoipita Moroto gari likaanza kukosa nguvu: ukikanyaga mafuta linashtukashtuka, ukiachia linatulia. Mwishowe likazima kabisa, jua la saa saba utosini.

Mwenzangu alihofia pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwenye injini. Nikamwambia tuanze na filta ya dizeli, kwa kuwa haihitaji hata spana. Chini yake kuna kizibo cha kutolea maji. Nikakinga chupa iliyokatwa, nikalegeza kizibo kwa vidole, nikabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kilichotoka kilikuwa cheupe kama maji ya mchele. Kilipotulia chupani, maji yalikaa chini na dizeli ikaelea juu, karibu nusu kwa nusu! Taa ya filta kwenye dashibodi, inayowaka maji yakijaa, haikutuonya kwa sababu balbu yake ilikuwa imeungua, na hilo liliniuma sana.

Niliendelea mpaka ikatoka dizeli tupu, nikakaza kizibo, nikabonyeza tena hadi pampu ikawa ngumu kiganjani; hapo upepo umeisha kwenye mabomba ya mafuta. Starti ya tatu, likawaka. Sote tukapiga kelele.

Kotido tulimwaga tangi lote na kubadilisha filta. Siku hizi dizeli ya dumu naimimina kwanza kwenye chupa inayoonyesha ndani, naiangalia juani kama ina maji.