Wimbo wa hoteli, na mtu aliyeinuka kutuza

Nimeupiga "Hotel California", ule wimbo wa bendi ya Kimarekani, Eagles, mara ngapi? Misimu tisa, kila msimu miezi minne ya kaskazi, siku tano kwa wiki. Ukitoa siku za Ramadhani na siku ambazo jenereta liligoma, haipungui mara 600. Na kwa sehemu kubwa ya mara hizo 600 sikuwa najua wimbo unasema nini.

Hoteli yenyewe siitaji jina. Ilikuwa hapa hapa Malindi, upande wa Casuarina, paa la makuti, jukwaa la mbao kando ya bwawa la kuogelea. Mimi nilikuwa gitaa la pili. Mwimbaji alikuwa binamu yangu, ambaye Kiingereza chake chote kilitoka kwenye kanda: anasikiliza, anasimamisha, anaandika daftarini alichosikia, anarudisha nyuma. Pale sauti ilipofifia aliandika kile alichodhani kingefaa. Kwa miaka miwili ya mwanzo tuliwaimbia watu beti nzima ambazo hazipo katika lugha yoyote ile, na wageni walipiga makofi vilevile.

Aliyetuzindua ni mhudumu mmoja wa meza aliyekijua Kiitaliano kuliko sisi wote. (Asiyeijua Malindi ajue kwamba muuza madafu wa hapa atakupigia "ciao" kabla ya kukupigia hodi.) Akatuita kando jikoni. "Jamani, mnachekwa. Mwanzo kabisa pale, mnasema barabarani kulikuwa na harufu ya colite."

Colite kwa Kiitaliano ni ugonjwa wa utumbo mpana.

Neno la kwenye wimbo ni colitas, na si la Kiitaliano. Ni la Kihispania, maana yake vimkia, na Wameksiko hulitumia kwa vile vichala vya juu vya mmea wa bangi. Basi hapo picha ikanikaa: mtu yuko kwenye gari usiku, jangwani, upepo unampiga nyweleni, bangi inanukia, kichwa kinaanza kuwa kizito, akaona taa kwa mbali. Mtu wa Malindi hahitaji kufasiriwa zaidi ya hapo.

Tulikuwa tukifanyia mazoezi uani kwa shangazi yangu, mtaa wa Shella. Shangazi alikuwa akikuna nazi huku anatusikiliza, hasemi kitu. Siku moja akauliza, "Huo wimbo, kaimbiwa nani?"

Nikamwambia, "Shangazi, hiyo si taarabu. Ni roki ya Wamarekani. Ni wimbo wa hoteli tu."

"Hoteli!" Akaiweka mbuzi chini. "Mtu mzima akae atunge wimbo mrefu namna hiyo kwa ajili ya hoteli? Kuna mtu kapigwa kijembe humo. Tafuteni."

Shangazi kalelewa kwenye maarusi ya zamani, na kwake wimbo usio na wa kuimbiwa haujatungwa bado. Mtunzi atasema ua, atasema pete, atasema chombo kimepanda mwamba, lakini mwanamke wa safu ya tatu anajua ni yeye. Halafu mwengine anainuka mkekani na noti mkononi, anakwenda kutuza kwa madaha, anasubiri ule mstari hasa, na anapoupata anaigeuza ile noti upande wa mwenziwe kabla ya kumpa mwimbaji. Hapo wimbo umeshapata mwenyewe. Mtunzi anaweza kuapa miaka kumi kwamba alikusudia ua la kweli, hana lake.

Nilimcheka. Ikapita miaka mingi, nikanunua simu ya kwanza yenye intaneti, nikaanza kusoma habari za huu wimbo uliokuwa ukinilisha. Wallahi shangazi alikuwa sawa.

Kulikuwa na bendi nyengine, Steely Dan, na bendi zote mbili zilisimamiwa na meneja mmoja, Irving Azoff. Mwaka 1976 Steely Dan walitoa wimbo wa mume na mke wanaogombana ndani ya nyumba, na mmoja anamwambia mwenziwe aongeze sauti ya Eagles kwa sababu majirani wanasikiliza. Yaani muziki wenu ni wa kufunikia kelele za ugomvi. Mwaka huohuo, Desemba, Eagles wakatoa albamu yao, na ndani ya "Hotel California" kuna ile karamu ambapo watu wanamdunga mnyama kwa visu na hawawezi kumuua. Vile visu vimepewa sifa ya chuma kwa neno lilelile lililo kwenye jina la Steely Dan. Glenn Frey, mmoja wa watunzi, alieleza baadaye kwamba ilikuwa salamu kwa wenzao. Salamu, haya. Hata sisi huku tunaziita salamu.

Nikaenda mbio Shella kumweleza shangazi. Hakushangaa hata kidogo. "Majirani walikuwa wanasikiliza? Basi hiyo ni taarabu."

Kuna mstari mwengine uliotusumbua, na huo ulimsumbua zaidi mtu wa baa. Mgeni kwenye wimbo anaagiza mvinyo, anajibiwa kwamba kinywaji hicho hakijapatikana pale tangu 1969. Neno walilolitumia, spirit, ni la pombe kali, zile za kukenekwa, wisiki na jamaa zake. Mtu wa baa alikuwa akitupigia kelele toka kaunta: mvinyo haumo kwenye kundi hilo, mvinyo unachachushwa tu, huyo mtunzi hajawahi kufanya kazi baa! Kumbe mwandishi mmoja wa gazeti huko Marekani alimwuliza Don Henley, mwimbaji wa wimbo huo na mmoja wa watunzi wake, swali lilo hilo mwaka 2009, na Henley akakasirika. Kwa Kiingereza neno hilo ndilo pia la roho, la ule moyo wa watu wa wakati fulani. Kilichokwisha 1969 si chupa. Ni mwaka wa tamasha la Woodstock, vijana wakadhani dunia imekuwa yao, na kabla mwaka haujaisha kukafanywa tamasha la Altamont ambapo mtu aliuawa kwa kisu mbele ya jukwaa. Mtu wa baa nilipomweleza alisema, "Sawa, lakini angetafuta neno jengine." Hadi leo hajamsamehe.

Za uvumi kwamba ni wimbo wa shetani, nazipita. Watunzi wamezikana, na mimi nimeupiga mara 600 sijaona pembe. Mtu wa huku akisikia kengele usiku, mwanamke mlangoni na mshumaa, sauti zinaita ukumbini, hatasema shetani wa Wamarekani. Atasema ni nyumba ya majini, na atakuelekeza magofu ya Gede ukaone mwenyewe.

Ninachokipenda kuliko yote ni jinsi muziki wenyewe ulivyozaliwa. Don Felder, mpiga gitaa wa Eagles, alikuwa na nyumba ya kupanga ufukweni Malibu, akapiga magitaa yake akayarekodi kwenye kanda, bila maneno. Wenziwe waliipa jina la muda, "Mexican Reggae", na ukiisikiliza besi na ule mkato wa ridhimu unaona kwa nini. Ndiyo sababu haukutushinda sisi watu wa pwani, mkono ulishazoea. Alikuwa ameupiga katika E maina, sauti ya Henley haikupakubali, ukahamishiwa B maina. (Binamu yangu naye B ilimshinda, tukaushusha hadi A. Kila mtu na koo lake.) Walipokuwa studioni Miami, Henley akataka solo ya mwisho iwe vilevile kama kwenye kanda, noti kwa noti. Felder ameshaisahau! Kanda iko Malibu. Ikabidi ampigie simu mtumishi wa nyumbani kwake aiweke kanda kwenye redio na kuielekeza kwenye simu. Ile solo ambayo wapiga gitaa wa dunia nzima wanaigiza, mwenyewe aliinakili kwa sikio kutoka kwenye kanda, kama binamu yangu na daftari lake. Na mtumishi aliyebonyeza kitufe hakuandikwa popote kwenye jalada.

Henley amesema mara nyingi kwamba wimbo ni safari ya kutoka kutojua mambo hadi kuyajua, na kwamba unahusu anasa za Los Angeles na zinavyomla mtu. Sina ubishi naye. Hakuna hata mmoja katika bendi ile aliyezaliwa California: yeye katoka Texas, Frey Michigan, Felder Florida, Joe Walsh Kansas, Randy Meisner Nebraska. Walikuwa wageni, wakaandika kama wageni. Anayezungumza kwenye wimbo ni mgeni aliyefika usiku.

Na hapo kwetu aliyeuchukua alikuwa mgeni kweli. Mzee mmoja wa Kiitaliano, alikuja kwa wiki mbili, akanunua nyumba, akakaa miaka kumi na moja. Pesa zilikwisha kidogokidogo. Kwanza ikauzwa boti, kisha gari, kisha akawa anakuja kwa bodaboda na shati lilelile. Kila Jumamosi alikaa meza ya karibu na jukwaa, na tulipofika mwisho, pale mgeni anapoambiwa kwamba hesabu anaweza kuifunga saa yoyote apendayo lakini kuondoka hataondoka, mzee aliinuka. Alikuja taratibu hadi mbele ya binamu yangu na noti ya shilingi 200, akaiweka miguuni pake, akarudi kukaa. Hakuwahi kuhudhuria arusi ya Kiswahili, najua hakuwahi. Amezikwa hapa.

Hoteli ilifungwa. Siku ya kwanza tuliambiwa ni ukarabati, kisha tukaambiwa mwenyewe yuko Ulaya, kisha hakuna aliyetuambia kitu. Mimi nilikuwa nadai miezi mitatu. Kuna waliokuwa wakidai saba. Leo natengeneza simu sokoni na Jumapili nafundisha watoto gitaa.

Mwezi uliopita nilipita kule na pikipiki, nikamkuta yule mlinzi wa usiku wa zamani bado yuko getini. Nywele zote nyeupe. Makuti ya jukwaa yameanguka, bwawa limeota majani. Nikamwamkia, tukakaa kwenye gogo.

"Mzee, bado uko hapa?"

"Niende wapi? Nikiondoka, nitadai nikiwa nani?" Akanionyesha funguo za vyumba, zote, kwenye waya mmoja.

Tukazungumza ya watu, nani kafa, nani kaenda Watamu. Halafu akaniuliza, "Ule wimbo wenu wa mwisho, mrefu ule. Miaka yote nausikia niko hapa getini, sijui unasema nini."

Nikamfasiria wote, toka jangwani. Alicheka kwenye visu. Nilipofika mwisho nikamwambia kwamba mgeni anakimbilia mlangoni atoke, na mlinzi wa usiku anamwambia atulie, sisi hapa kazi yetu ni kupokea.

"Kuna mlinzi?"

"Yupo. Ndiye anayesema ule mstari wa mwisho."

Akanyamaza, anazungusha funguo kwenye waya.

"Na huyo mlinzi," akasema, "alikuwa analipwa?"

Nikamwambia wimbo hausemi.

Akainuka kwenye gogo, akaingia ndani ya geti, akarudi na maembe mawili ya ule mwembe wa nyuma ya jiko. Akanitilia kwenye kikapu cha pikipiki, akasimama pale hadi nilipoiwasha.